Amua Kimo Kabla ya Kozi ya Nane

Leo nazungumza na wewe uliyepata kakiwanja kako Igogo, Mabatini, Isamilo au Buswelu hapa Mwanza, mwamba upande huu, jirani upande ule. Umeshaamua: chumba kimoja cha mita 3 kwa 5, chini pa kuishi, juu dari ya kulala, yaani sakafu ya mbao inayofunika nusu ya chumba. Nakuunga mkono. Milimani kwetu, kupasua jiwe ili upate chumba cha pili kunakula fedha nyingi kuliko kupandisha ukuta. Ninaloomba ni moja: kimo cha nyumba kipange sasa, kwenye karatasi, ukianza na mwili wako na vitu vizito vya nyumba. Lenta, yaani mkanda wa zege, ikishamwagwa, kila sentimita uliyoisahau utailipia kwa kubomoa.

Tuanze na hesabu ya fundi. Tofali la saruji lenye kimo cha inchi 9, pamoja na saruji ya kuliunganisha, linakula kama sentimita 25. Kwa hiyo kozi 4, yaani mistari minne ya matofali, ni mita 1. Panda kozi 8, ufunge mkanda wa zege wa sentimita 15: una mita 2.15 kutoka sakafuni. Hapo ndipo mbao za dari zikae. Mrefu wa ukoo wenu atapita chini bila kuinama. Mbao za mbili kwa sita na ubao wa kukanyaga juu yake zinakula sentimita 18 hivi, na hizi ndizo wengi wanazozisahau.

Sasa juu. Mtu mzima akiketi kwenye godoro la inchi 6, utosi wake unafika mita 1 na kidogo. Ongeza kozi 4 juu ya mkanda: ukutani utabaki na sentimita 82 kutoka sakafu ya dari. Paa la migongo miwili lenye mwinamo wa nyuzi 30, kwenye chumba cha upana wa mita 3, litakupa katikati kama mita 1 na nusu ukishatoa unene wa mbao na papi. Hutasimama, ila utaketi, utavaa, utamnyonyesha mtoto. Mto uweke upande wa katikati, miguu ielekee ukutani, maana kinachoinuka usiku ni kichwa.

Mbao za dari zipitishe kwenye ule upana wa mita 3, kila sentimita 40, na usizidishe hapo. Wazee wa Lamu na Unguja walijenga vyumba vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko ina urefu wake na nguvu zake. Ubao wa paini kutoka mashamba ya miti ya Buhindi au Rubya nao una kikomo. Nunua uliokauka.

Hapa nisikilize vizuri. Kenchi ya kawaida ina mbao ya mlalo chini, nayo itakukata kifuani ukiwa darini. Fundi atakwambia, "Tunaikata tu." Mkatalie. Mbao ile ndiyo inayozuia paa kusukuma kuta nje. Ukitaka nafasi ile iwe wazi, paa libebwe na boriti ya kileleni inayokaa juu ya kuta za ncha mbili, na kuta zifungwe mkanda wa pili juu. Mchoro huo aupitie mhandisi wa halmashauri, Jiji kwa walio Nyamagana, Manispaa kwa walio Ilemela, wakati wa kuomba kibali cha ujenzi.

Bati la mchana linachoma, na mvua ya ziwa inapenda kuja usiku. Funga ubao chini ya bati, ukiacha uwazi wa hewa, na toboa matundu ya hewa yenye wavu mwembamba kwenye ncha zote mbili, kuzuia mbu na wale wadudu wa ziwani wanaofuata taa. Chandarua nacho kina kimo. Cha duara kinataka urefu. Cha pembe nne kinafungwa hata paa likiwa chini. Kanda ya Ziwa hatulali bila chandarua, kwa hiyo misumari yake ipange leo.

Ngazi itokeze chini ya kilele, siyo pembeni ambako utagonga kichwa kila alfajiri. Ukingo wa dari uwekee kizuizi cha sentimita 90.

Tuje kwenye maji na moto. Simtanki la lita 1,000 likijaa lina uzito wa tani moja. Dari siyo mahali pake kamwe. Mwanza tuna bahati ya mwamba: likae juu ya jiwe imara nyuma ya nyumba, na kila mita 10 za kimo kutoka tangi hadi bomba zitakupa kama baa moja ya msukumo bila pampu. Bafu na choo viwe upande wa bondeni, maji machafu yashuke yenyewe. Na kabla hujaanza kupambana na jiwe kuchimba shimo, uliza MWAUWASA, mamlaka yetu ya maji, kama mtandao wa majitaka unafika mtaani kwenu.

Mtungi wa gesi ukae nje, kivulini, kwenye kijumba chenye matundu chini, kwa kuwa gesi ile ni nzito kuliko hewa na hutambaa sakafuni. Jiko la mkaa lisiwashwe ndani hata siku ya mvua. Moshi na hewa ya sumu vinapanda, na aliyelala darini ndiye wa kwanza kuvipata.

Kwa mnaotazama viwanja vya ufukweni: sheria ya mazingira ya 2004 inakataza ujenzi wa kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani. Mwaka 2024 ziwa lilipanda kuliko lilivyowahi kupimwa, likaingia majumbani mwa watu. Heshimuni hizo mita.

La mwisho, mdogo wangu. Chini ya dari usipajaze makabati. Acha mahali pa kitanda cha futi tatu na nusu. Mama akija kutoka Ukerewe na magoti yake yanayouma, hatapanda ngazi, mjamzito hatapanda, wewe mwenyewe ukishikwa na malaria hutapanda. Nyumba ndogo iliyopangwa vizuri inampokea kila mmoja wao. Chukua futi, lala sakafuni, keti, simama, andika vipimo vyako, kisha umwite fundi.