Kujitolea Makambako: nianzie wapi?

Swali: Nimemaliza kidato cha sita, nipo Makambako. Natamani kujitolea kwenye shirika linalosaidia wagonjwa na yatima. Nianzie wapi, na watanilipa?

Jibu: Anzia ofisi ya kata, kwa afisa maendeleo ya jamii. Yeye anajua shirika lipi linafanya kazi na lipi ni kibao tu barabarani. Mshahara usiutegemee. Ila nauli iulizie mapema, maana bodaboda za vijijini hazina huruma.

Kazi ipo. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 uliukuta mkoa wenu wa Njombe na VVU asilimia 12.7 kwa watu wazima, wakati taifa zima ni 4.4. Kwa hiyo huenda ukatumwa kumfuatilia mtu aliyeacha kliniki. Usiende na fulana ya shirika wala daftari mkononi: majirani wataelewa kabla hujapiga hodi. Kaa jikoni, ota moto, sikiliza. Asipotaka kuongea, rudi siku nyingine. Ukikutana naye sokoni, msalimie kama wengine. Jina lake usilitaje, hata kwa mama yako mzazi.