Kazi Moja, Mishahara Miwili

Ndugu msomaji, kaa kitako tuongee kidogo. Muhula uliopita, katika mdahalo wa chama chetu, mwenzetu mmoja wa kidato cha tatu alisimama akadai kwamba zama za ukoloni hapa Kenya Mzungu alilipwa zaidi kwa sababu alikuwa amesoma zaidi, basi. Tukampigia makofi. Hata mimi nilipiga. Baadaye niliingia maktabani kupekua, kumbe makofi yale tuliyatoa bure!

Hebu tuanze na maneno. "Mshahara" limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mwezi. "Kibarua" ni barua ndogo, yaani kile kikaratasi alichopewa mfanyakazi wa kutwa ili adai malipo yake. Mwishowe mtu mwenyewe akaitwa kwa jina la karatasi. Kisha kuna "kipande", ambacho wazee wetu walikivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Humo mwajiri aliandika mshahara aliomlipa mtu. Kwa hivyo mwajiri wa pili aliusoma tu, akajua mtu huyu amezoea kulipwa kiasi gani. Angemwongeza ya nini?

Mwaka wa 1921 masetla waliazimia kupunguza mishahara ya Waafrika kwa thuluthi moja. Mathalani, aliyepata shilingi 9 abaki na 6, na kazi ni ile ile. Harry Thuku alipinga jambo hilo, pamoja na kulazimishwa kwa wanawake na wasichana kufanya kazi mashambani. Alipokamatwa Machi 1922, umati ulikusanyika Nairobi kudai aachiliwe. Mary Muthoni Nyanjiru aliwakemea wanaume kwa kusitasita, na akawa miongoni mwa waliouawa kwa risasi siku hiyo.

Sasa tufike kwenye hoja ya mwenzetu. Tume ya Holmes ya 1947-1948 ilichunguza utumishi wa serikali katika Afrika Mashariki. Ilipendekeza kwamba Mwafrika au Mhindi mwenye cheo kile kile alipwe sehemu tatu kwa tano za mshahara wa Mzungu. Soma tena, tafadhali: cheo kile kile! Mzungu akipata shilingi 100, mwenzake aliyeketi meza ya pili anapata 60. Elimu imeingia wapi hapo? Kanuni hiyo iliondolewa baada ya Tume ya Lidbury ya 1954, ingawa walioletwa kutoka ng'ambo waliendelea kupata nyongeza ya kuwavutia.

Na akina mama je? Mwaka huo huo wa 1954, Kamati ya Carpenter ilieleza wazi kwamba mshahara wa chini wa Mwafrika ulikuwa umepimwa kwa mahitaji ya kapera. Jameni! Mke na watoto walikula nini? Walikula alicholima mama kijijini. Jembe lake lilikuwa linamsaidia mwajiri wa mumewe, naye hakupata hata senti kwa hilo.

Nyanya yangu alichuma kahawa akiwa msichana. Anasema malipo yalikuwa kwa debe, na debe lisipofurika karani hulikataa. Nilimuuliza wanaume walilipwaje. Akacheka: "Wanaume walikuwa wanapima madebe, mjukuu wangu. Hawakuchuma."

Hapo ndipo nilipogundua kitu ambacho sikukiona vitabuni. Kazi zikigawanywa mapema, ya huyu na ya yule, mtu hahitaji hata kanuni ya sehemu tatu kwa tano. Ndiyo maana Sheria ya Uajiri ya 2007 haikuishia kwenye "kazi moja". Inataka malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Kuchuma na kupima, ipi ina thamani zaidi?

Naomba mdahalo ule urudiwe. Nami safari hii nitaketi upande wa upinzani.