Salio la simu si faida: weka hesabu zako kwenye faili ya maandishi

Kuna swali ambalo wateja wetu wenye biashara ndogo hutuletea mara kwa mara, na halihusu PIN wala pesa iliyotumwa kwa namba isiyo sahihi. Wanauza kila siku, SMS za malipo zinaingia kila siku, lakini mwisho wa mwezi hawaoni pesa imeenda wapi. Mara nyingi hakuna aliyeiba. Shida ni kwamba simu moja inabeba pesa za watu wengi, na salio linaonyesha namba moja tu.

Leo tunajifunza njia ya kutenganisha hizo pesa bila kununua programu yoyote. Unahitaji faili ya maandishi matupu, ile inayoishia na .txt, na programu ya kuiandikia. Kwenye kompyuta ya Windows tayari uko na Notepad. Kwenye simu ya Android kuna programu za bure kama Markor. Usitumie Word, kwa sababu Word huongeza mapambo yake ndani ya faili. Sisi tunataka herufi na namba peke yake.

Mfano wetu ni kibanda cha nyanya katika soko la Karatina. Tumechagua Karatina kwa sababu pale pesa haikai mahali pamoja. Viazi na kabichi zinashuka kutoka upande wa Kieni, nyanya zinapanda kutoka Mwea, na muuzaji ameshamlipa mtu wa jumla kwa simu kabla hata jua halijachomoza vizuri. Mchana kastoma mmoja analipa kwa till, mwingine anatoa noti. Jioni mwenye mkokoteni anataka yake mkononi. Hesabu ya namna hiyo haiwezi kukaa kichwani, hata ukiwa na kichwa kizuri.

Tuseme ni Jumanne, tarehe 4 Machi 2025, siku ya soko. Unaamka na simu inasoma shilingi 18,400. Unajiona uko sawa. Lakini wewe ndiye mweka hazina wa chama chenu, na 6,000 kati ya hizo ni michango ya wanachama. Halafu kuna 7,500 za yule mkulima aliyekuachia nyanya wiki iliyopita, umlipe ukishauza. Kwenye faili tunaanza hivi:

2025-03-04 Salio la kuanzia
    Simu            18400
    Deni:Chama      -6000
    Deni:Mkulima    -7500
    Mtaji           -4900

Yako ni 4,900. Hiyo namba haipo popote kwenye SMS zetu, na hatuwezi kukutumia hata tukitaka, maana sisi hatujui ni pesa gani ya chama na ni gani yako. Unajua wewe peke yako, na ndiyo sababu lazima uiandike.

Sasa angalia jinsi tulivyoandika. Kila muamala una angalau pande mbili: pesa ilipoenda na pesa ilipotoka. Ilipoenda unaandika namba ya kawaida, ilipotoka unaweka alama ya kutoa mbele yake. Ukijumlisha mistari yote ya muamala mmoja lazima upate sifuri. Usipopata sifuri, kuna kitu umesahau. Mtindo huu wa pande mbili si wa jana: Luca Pacioli, mtawa na mwalimu wa hesabu, aliueleza katika kitabu kilichochapishwa Venice mwaka wa 1494, na tayari wafanyabiashara wa pale walikuwa wanautumia. Walikuwa na shida kama yako: mali ya watu wengi mikononi mwa mtu mmoja.

Twende sokoni sasa. Unanunua kreti tatu za nyanya kwa 2,800 kila moja na kulipa kwa simu:

2025-03-04 Nyanya kreti 3
    Matumizi:Bidhaa    8400
    Matumizi:Makato      90
    Simu              -8490

Hiyo 90 ni mfano tu. Wewe andika makato yaliyo kwenye SMS yako. Na tunaomba sana uyape makato mstari wao. Ukiyaficha ndani ya bei ya nyanya, hutawahi kujua kwa mwezi umelipa kiasi gani kwa kutuma na kutoa pesa. Pengine utagundua kwamba kutuma mara moja kungekugharimu kidogo kuliko kutuma mara tatu. Ndiyo, sisi ni kampuni ya malipo na tunakwambia hivyo.

Tulia kidogo hapa. Pesa yako ilikuwa 4,900, lakini umelipa 8,490. Kwa hivyo shilingi 3,590 ni za watu wengine, za chama au za mkulima. Simu haikukataa, kwa sababu kwake pesa ni pesa. Kama nyanya zingelala na kuoza, ungeenda kwenye mkutano wa chama ukiwa na upungufu, na huenda usingeweza hata kueleza ulianza saa ngapi. Hatusemi usifanye hivyo kamwe. Biashara nyingi hujivuta hivyo asubuhi na kurudisha jioni. Tunasema ukifanya, ujue umefanya, na ujue ni kiasi gani.

Bahati nzuri nyanya zote zimeisha. Till imeingiza 9,200 na noti ni 4,100:

2025-03-04 Mauzo ya siku
    Simu        9200
    Taslimu     4100
    Mauzo     -13300

2025-03-04 Mkokoteni na ushuru wa soko
    Matumizi:Soko    250
    Taslimu         -250

2025-03-04 Unga na mafuta
    Nyumbani    650
    Simu       -650

Watu wengi huuliza mbona mauzo yana alama ya kutoa wakati ni pesa imeingia. Usione kama ni hasara. Alama hiyo inasema pesa imetoka kwenye mauzo ikaingia kwenye simu na mfuko wa aproni. Ukizoea siku tatu nne hutaifikiria tena.

Jioni simu inasoma 18,460. Asubuhi ilikuwa 18,400. Mtu anayepima biashara kwa salio ataona siku nzima ya jua na vumbi imemletea shilingi 60, na pengine aamue nyanya hazina maana. Lakini jumlisha kutoka kwenye faili: mauzo 13,300, toa bidhaa 8,400, toa makato 90, toa matumizi ya soko 250. Faida ni 4,560. Tofauti iko wapi? Shilingi 3,850 ziko taslimu mfukoni, na 650 zimeenda nyumbani. Ongeza zile 60 za kwenye simu, unapata 4,560 kamili. Na yako halisi, ukishatoa deni la chama na la mkulima, sasa ni 8,810. Siku nyingine mambo hugeuka: salio linapanda kwa sababu chama kimechanga, huku biashara yenyewe imekula hasara. Hiyo ndiyo hatari zaidi, kwa sababu inakufurahisha.

Mwanzoni utajumlisha kwa kikokotoo. Tafuta neno "Simu" ndani ya faili, programu itakupeleka mstari kwa mstari, nawe unajumlisha. Ukiwa na kompyuta, au kijana wa nyumbani ana moja, kuna programu za bure zinazosoma faili ya aina hii na kujumlisha zenyewe. Ya kwanza kujulikana ni Ledger, aliyoitoa John Wiegley mwaka wa 2003, na nyingine inayotumika sana ni hledger. Faili ikiitwa kitabu.txt, unaandika hledger -f kitabu.txt balance, na unaona kila akaunti na kiasi chake. Muamala usiofika sifuri inaukataa na kukuonyesha mstari wenyewe. Haibadilishi faili yako, inasoma tu.

Kama unataka faili yako iweze kusomwa na programu hizo baadaye, zingatia mambo madogo tangu mwanzo. Tarehe ianze na mwaka. Mistari ya akaunti isogezwe ndani kidogo. Kati ya jina la akaunti na kiasi acha nafasi mbili au zaidi, la sivyo programu itafikiri namba ni sehemu ya jina. Usiweke koma katikati ya namba: hledger inaweza kusoma 8,400 kama nane nukta nne, na hapo kreti tatu zimekuwa bei ya peremende. Na uzime ile huduma ya kibodi ya kusahihisha maneno, kwa sababu inaweza kugeuza "Deni" kuwa neno la Kiingereza. Jina moja libaki jina moja. Ukiandika "Simu" leo na "simu yangu" kesho, hizo ni akaunti mbili.

Kila jioni, kabla ya kulala, linganisha jumla ya "Simu" kwenye faili na salio halisi. Usilinganishe na SMS ya mwisho pekee. Uliza salio lenyewe. SMS za uongo zipo, na matapeli wanajua siku ya soko mtu hana muda wa kusoma. Malipo ambayo hayajaonekana kwenye salio usiyaandike kama mauzo. Tofauti ikiwa shilingi chache, karibu kila mara ni makato uliyoruka. Ikiwa kubwa, omba stetimenti na upitie mstari kwa mstari, ukiwa bado unakumbuka. Baada ya wiki tatu jina la mtu kwenye stetimenti halikwambii tena kama alilipia nyanya au alirudisha deni.

Hapo ndipo suala la kodi linaingia. Tangu Julai 2023, kodi ya mauzo kwa biashara ndogo ni 3% ya mauzo yote, si ya faida, kwa wenye mauzo ya zaidi ya milioni 1 hadi milioni 25 kwa mwaka. Hulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Usifikiri milioni moja ni ya wenye maghala: siku 76 za mauzo kama haya ya Jumanne yetu zinaivuka. Sasa tuseme wanachama 12 wamekutumia michango ya 1,000 kila mmoja. Stetimenti inaonyesha 12,000 zimeingia, na haisemi ni za nini. Ukizihesabu kama mauzo umejiongezea kodi ya shilingi 360 kwa pesa ambayo si yako. Kwenye faili zimekaa chini ya "Deni:Chama" siku ile ile zilipoingia, na ukiulizwa una cha kuonyesha pamoja na stetimenti.

Sheria ya taratibu za kodi inataka kumbukumbu zihifadhiwe kwa miaka mitano. Daftari la karatasi linaweza kufika, kama halijanyeshewa au mtoto hajalichora. Programu ya hesabu uliyopakua inaweza kufungwa, au ianze kukudai malipo ya kila mwezi. Faili ya maandishi itafunguka kwenye simu yoyote utakayonunua, na mwaka mzima wa miamala kumi kwa siku hauchukui nafasi kubwa. Jitumie nakala kwa barua pepe kila Jumapili. Simu ikipotea, hesabu haijapotea.

Kuna vitu ambavyo havifai kuwa ndani ya faili hiyo: PIN yako, na namba za simu au za vitambulisho vya wateja. "Hoteli ya kona" inatosha kwa kastoma anayechukua kwa deni, ukiandika "Nadai:Hoteli ya kona" badala ya "Taslimu" mpaka alipe. Wakati huo unaandika muamala wa pili, kutoka "Nadai" kwenda "Simu".

Na muamala uliorudishwa, labda ulilipa mtu mara mbili na pesa ikarudi, usiufute. Uandike tena kinyume, na tarehe ya siku pesa iliporudi:

2025-03-06 Malipo yaliyorudi, nyanya kreti 1
    Simu               2800
    Matumizi:Bidhaa   -2800

Ukifuta ule wa kwanza, stetimenti itakuwa na mistari miwili na faili yako haina hata mmoja, na siku ya kulinganisha utakaa usiku ukitafuta.