SOMO: KAMBA MDOGO NA SHAMBA LILILOFUNGWA BAHARINI

Lengo la somo: Baada ya somo hili kikundi kiweze kueleza jinsi viumbe wa majini wanavyotegemeana, na kichague sehemu moja ya mto au chemchemi ya kupumzisha.

1. Tuanze nyumbani

Ndugu wanavikundi, wachongaji wetu wa Tabaka huchonga samaki, kasa na pomboo kwa mawe ya Kisii. Vitu hivyo vinauzwa Mombasa na hata Ulaya, lakini wengi wanaovichonga hawajaiona bahari. Sisi pia tulikuwa hivyo hivyo, hadi tulipofuatana na wanakikundi wachache kwenda Malindi. Hifadhi ya bahari ya huko, pamoja na ile ya Watamu, ilianzishwa mwaka 1968.

Tulipanda mashua yenye kioo sakafuni. Mama mmoja alikataa kupanda kwa kuogopa maji. Tukambembeleza, akapanda. Saa ya kurudi ilipofika, ni yeye aliyekataa kushuka!

2. Yaliyo chini ya maji

Chini ya kioo tuliona samaki wa manjano, wa buluu na wenye milia, na kiti cha pweza mwekundu. Tuliona pono akitafuna mwamba kwa meno kama mdomo wa kasuku. Anachotafuna hukitoa kikiwa mchanga, na sehemu ya mchanga mweupe wa pwani hutoka kwake.

"Mwamba" wenyewe ni matumbawe. Matumbawe si mawe. Ni wanyama wadogo sana wanaojenga nyumba ya chokaa. Ndani ya miili yao huishi mimea midogo mno, inayowapa chakula na rangi. Maji yakipata joto kupita kiasi, mimea hiyo hutoka, na matumbawe hubaki meupe kama mfupa. Yasipopoa mapema, hufa. Mwaka 1998 joto la bahari liliua matumbawe mengi katika pwani yetu ya Kenya.

Kuna kiumbe ambaye hatukumwona, kwa sababu hukaa mapangoni: kamba msafishaji. Ni mwekundu, ana mstari mweupe mgongoni na masharubu marefu meupe. Huyapunga masharubu hayo kama mtu anayeita wateja sokoni. Samaki mkubwa huja, hufungua mdomo, na kamba huingia kuokota wadudu wanaomsumbua. Samaki angeweza kummeza, lakini hammezi. Mmoja anapata chakula, mwingine anapata afya.

Na kwa nini awe mwekundu, je, hataonekana na adui? Maji humeza mwanga mwekundu kwanza. Kadiri unavyoshuka, rangi nyekundu hugeuka kuwa nyeusi-nyeusi, kwa hivyo huko chini nyekundu ni vazi la kujificha.

3. Wavuvi wa Kuruwitu

Kule Kilifi, wavuvi wa Kuruwitu waliona samaki wanapungua. Nyavu zilikuwa nyingi, na watu wengine walikuja kukamata samaki wa rangi ili wauzwe nje na kufugwa kwenye vioo. Mwaka 2003 wanakijiji waliunda chama chao. Baadaye wakatenga sehemu ya bahari ya kadiri ya hekta 30, wakakubaliana kwamba hakuna kuvua humo. Sehemu kama hiyo huitwa tengefu.

Tulipoeleza habari hii katika kikundi kimoja cha Nyamira, mama mmoja aliuliza, "Sasa hao watu walikula nini mwaka huo wa kwanza?" Ni swali la haki. Bahari iliyobaki haikufungwa, waliendelea kuvua huko. Hata hivyo si wote walioafiki mwanzoni, kwani mwenye njaa hapendi kusikia neno "subiri". Lakini samaki walizaana ndani ya tengefu, wakakua, na wengine wakatoka nje ya mpaka ambako wavuvi huwapata. Ni kama mbegu: anayekula yote hana cha kupanda.

4. Na sisi wa milimani?

Mtu atasema, bahari iko mbali. Kweli, mito yetu haiendi Malindi. Gucha, ambao Waluo huuita Kuja, na Sondu huingia Ziwa Victoria. Lakini ziwa hilo nalo lina kamba wake, mdogo kuliko kidole, aitwaye ochonga. Hunaswa pamoja na omena, na wengi wetu tumemnunua akiwa ndani ya chakula cha kuku bila kumjua. Hula uchafu unaooza chini, naye huliwa na mbuta wachanga. Tukipoteza wadogo, wakubwa pia watapungua.

Malindi tuliona jambo lingine. Mto Sabaki huanza mbali bara, ukiitwa Athi, na hufika baharini ukiwa mwekundu kwa udongo wa mashamba. Udongo huo hufunika matumbawe. Gucha ikiwa na rangi hiyohiyo baada ya mvua, tujue ni rutuba ya mahindi na ndizi zetu inayokwenda ziwani, na hairudi.

5. Kazi ya kikundi

Nendeni pamoja hadi mtoni au kwenye chemchemi. Chagueni sehemu ndogo tu ya "kufunga": hakuna kulima hadi ukingoni, hakuna kufyatua matofali, hakuna mikaratusi. Pandeni matete na miti ya kienyeji. Andikeni masharti kwenye kitabu cha kikundi, na kila mtu atie sahihi.

Maswali ya kujadili:
1. Katika kikundi chetu, ni nani kama kamba msafishaji: mdogo, lakini bila yeye tunaugua?
2. Tukifunga ukingo wa mto, ni familia gani itapoteza zaidi? Tutaisaidiaje mwaka wa kwanza?
3. Nani atalinda, na anayevunja sharti atafanywaje?

Msiruke swali la pili. Vikundi vingi tulivyoviona vikivunjika, vilivunjikia hapo.