Mingoyo hadi Nyangao kwa Baiskeli: Vidokezo 8 vya Siku Moja ya Hija

Ukitoka Lindi mjini, pale Mnazi Mmoja, Mingoyo, barabara inagawanyika: kushoto Mtwara, kulia Masasi. Kikundi chenu kikishika kulia, mnaingia bonde la Lukuledi, kwenye misheni kongwe za kusini. Ili mfike mkiwa bado mnazungumza vizuri, zingatieni haya.

1. Ondokeni alfajiri. Hadi Nyangao ni takriban kilomita 45. Saa kumi na mbili asubuhi muwe barabarani, na saa tano muwe mnatafuta kivuli.

2. Chagueni mwezi. Mvua huku hunyesha zaidi kati ya Desemba na Aprili. Juni hadi Agosti hali ni ya ubaridi kidogo. Oktoba mtakula mabibo, lakini joto limepanda na korosho zimeanza kusafirishwa, kwa hiyo jihadharini na malori.

3. Mwenye mwendo mdogo akae mbele. Mwongozaji aende naye, na msaidizi wake afunge mkia. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Lindi hadi Masasi kwa miguu, pamoja na watu waliokombolewa utumwani. Ninyi mna magurudumu, haraka ya nini?

4. Mstari mmoja, kushoto. Soga za wawili wawili ziachwe hadi mapumziko. Anayefunga mkia awe na filimbi. Akipuliza, wote msogee pembeni, lori lipite.

5. Bebeni tyubu zenu. Mafundi wa chini ya mwembe ni hodari wa kuziba pancha na kunyoosha spoku, ila tyubu ya tairi lako jembamba la kisasa huenda hawana. Viraka, pampu na spana viwe kwa msaidizi, nyuma.

6. Kuleni cha njiani. Anzeni na chai na vitumbua, mshushie dafu kabla hamjaiacha pwani. Mkikuta ming'oko ya kuchemsha, nunueni: mizizi hii ya porini inashibisha bila kulemea tumbo. Maji kunyweni kidogo kidogo, msisubiri kiu.

7. Kanga au kikoi kiwe juu ya mzigo. Kaptula ya kubana ni ya barabarani. Kabla ya kuingia kanisani, au kuamkia wazee barazani, jifunge. Na shikamoo itangulie, ndipo muulize njia.

8. Nyangao, sikilizeni pande zote. Wabenediktini walikuwa hapa tangu karne ya 19. Agosti 1905, katika Vita vya Maji Maji, misheni ilichomwa moto, na Sista Walburga Diepolder akauawa akikimbia. Mahujaji humkumbuka yeye. Lakini wapiganaji wa Maji Maji walikuwa na madai yao: kodi ya Mjerumani, kazi za shuruti, viboko. Wajukuu wao ndio wenyeji wenu leo. Ombeeni marehemu wote, kisha mwombeni mzee mmoja awasimulie alichorithi kwa babu zake.

Jioni kagueni breki na cheni kabla ya kuoga. Kesho mnaelekea Ndanda, misheni ya mwaka 1906. Anayelalamika magoti aseme usiku huu, apangiwe gari mapema.