Bajeti ya Nyumba Kabla ya Kuchimba Msingi

Katika miji na vijiji vyetu vingi huonekana maboma: kuta zilizosimama bila paa, majani yakiota ndani. Mara nyingi mwenye boma hakukosa nia, wala hakukosa fedha za kuanzia, alikosa hesabu. Katika somo hili tunaeleza namna ya kupanga gharama na kusimamia ujenzi wa nyumba ya kuishi. Mfano wetu ni wa mkazi wa Busisi, wilayani Sengerema, anayekusudia kujenga nyumba ya vyumba vitatu.

Funzo la darajani

Daraja la J.P. Magufuli (Kigongo–Busisi), lenye urefu wa takriban kilomita 3, lilizinduliwa tarehe 19 Juni 2025. Mikataba ya kazi kubwa za namna hiyo huwa na mwenye kazi, mkandarasi na msimamizi. Mkandarasi hulipwa kwa kazi iliyopimwa na kukubaliwa na msimamizi, na sehemu ndogo ya malipo huzuiwa hadi kasoro zirekebishwe. Utaratibu huo haudai mabilioni. Mwenye nyumba ya vyumba vitatu naye anaweza kuufuata kwa daftari, kalamu na futi kamba.

Hatua ya kwanza: kiwanja na kibali

Hakiki umiliki wa kiwanja, kisha omba kibali cha ujenzi katika halmashauri yako. Kwa wakazi wa kandokando ya Ziwa Victoria lipo jambo la ziada. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Nyumba iliyojengwa ndani ya eneo hilo inaweza kubomolewa, na hakuna bajeti inayoweza kuokoa hasara hiyo.

Hatua ya pili: hesabu ya vifaa

Usikubali jumla isiyo na mchanganuo. Taka orodha inayoonyesha kila kifaa, idadi yake na bei yake, na ujifunze kuihakiki. Chukua kuta zenye jumla ya urefu wa mita 40 na kimo cha mita 3: eneo lake ni mita za mraba 120. Ondoa mita 20 za milango na madirisha, zimebaki 100. Tofali la saruji lenye urefu wa inchi 18 na kimo cha inchi 9 huhitajika takriban 10 kwa kila mita ya mraba, pamoja na yatakayovunjika. Hivyo unahitaji matofali 1,000. Ukiletewa hesabu ya matofali 1,600 kwa kuta hizo hizo, uliza sababu kabla ya kulipa.

Usafirishaji uandikwe katika mstari wake peke yake. Zamani lori lililotoka Mwanza lilisubiri kivuko. Leo linapita darajani. Muuzaji anayeendelea kudai gharama ya kivuko anapaswa kukueleza gharama hiyo inatoka wapi.

Mwisho wa orodha, ongeza akiba ya asilimia 10 kwa yasiyotarajiwa, kama vile mwamba katika msingi au kupanda kwa bei ya bati.

Hatua ya tatu: ununuzi

Tafuta alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) kwenye saruji, nondo na bati. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 huwa na uzito wa karibu kilo 10.7, ikipungua sana, umeuziwa nondo nyembamba. Matofali unaweza kuyakusanya kidogo kidogo, lakini saruji usiinunue miezi mingi kabla ya kazi, kwa kuwa hupungua nguvu ikikaa, hasa penye unyevu. Dai risiti kwa kila ununuzi na uzihifadhi zote.

Hatua ya nne: mkataba na malipo

Mapatano na fundi yawe kwa maandishi, hata kama fundi ni ndugu yako. Yataje kazi, muda na malipo ya kila hatua. Kwa mfano, ufundi wa shilingi 4,000,000 unaweza kugawanywa hivi:

- msingi ukikamilika: 800,000
- kuta zikifika kwenye lenta: 1,200,000
- paa likikamilika: 1,000,000
- lipu na sakafu zikikamilika: 800,000
- baada ya msimu mmoja wa mvua bila paa kuvuja: 200,000

Usilipe fedha ya hatua ambayo haijafanyika. Aliyekwisha kulipwa yote hana haraka ya kurudi, nawe huna cha kumzuilia. Ikiwa kazi inafanywa na mkandarasi, hakiki usajili wake kwa Bodi ya Usajili wa Makandarasi (CRB). Ukihitaji msaada wa hesabu, tafuta mkadiriaji majenzi aliyesajiliwa na bodi ya taaluma yake.

Hatua ya tano: mahali pa kusimama

Ikiwa fedha hazitoshi kumaliza nyumba yote, amua mapema utasimama wapi. Kuta zisizo na paa huharibiwa na mvua, na mbao za kenchi zisizoezekwa huoza au huibwa. Ni afadhali kuanza na vyumba viwili vilivyoezekwa na kufungwa milango, kwa ramani inayoruhusu kuongeza kingine baadaye, kuliko boma la vyumba vitano.

Zoezi

Kabla ya kumwita fundi, andika katika daftari: fedha ulizonazo leo, fedha unazotarajia kwa kila mwezi, na gharama ya kila hatua pamoja na akiba. Hatua ambayo fedha zake hazijatimia isianzwe.