MAREJEO NI NGAMANI: SOMO LA SITAHA YA JAHAZI

Nikupe somo ambalo sikulipata kwa chaki na ubao, bali kwa msumeno, msasa na gundi. Ni somo la kutandika mbao za sitaha katika jahazi la mfano. Pia ni somo la methali moja ambayo sote tumeikariri tangu shule ya msingi, tukaiandika kwenye insha, tukapewa alama, na bado hatukuielewa.

Najua utauliza, jahazi na Kibugu wapi na wapi? Huku kwetu tumezungukwa na michai na mikahawa. Maji makubwa tunayoyajua ni ya mto Rupingazi, na bahari iko mbali sana nasi. Hata hivyo, Kiswahili chetu kimejaa bahari. Mambo yakiharibika tunasema yameenda mrama. Tukifika tunasema tumetia nanga. Hata vikombe na sahani za jikoni tunaviita vyombo, na chombo ndilo jina la kila kinachoelea baharini.

Basi chama chetu kilipopanga maonyesho ya Siku ya Kiswahili Duniani, ile inayoadhimishwa kila tarehe 7 Julai baada ya UNESCO kuitangaza mwaka 2021, kila mwanachama aliambiwa alete kitu. Wengine walichagua mashairi, wengine ngonjera. Mimi nikasimama mbele ya watu nikasema nitaunda jahazi. Mdomo uliponza kichwa!

KIPIMO

Jambo la kwanza ni kipimo. Niliamua jahazi langu liwe mfano wa jahazi la urefu wa mita 18, na kielelezo kiwe sentimita 60. Ukigawanya utapata kwamba kila kitu kimepunguzwa mara 30. Basi ubao wa sitaha wenye upana wa sentimita 15 unakuwa milimita 5 tu. Ubao wa mita 6 unakuwa sentimita 20. Baharia mwenye urefu wa mita 1.7 hafiki hata sentimita 6. Nilimchonga baharia huyo kwa kijiti, nikawa namsimamisha kila mahali ili nione kama anaweza kupita na kusimama. Ukikosa mtu wa kupimia, utajikuta umeunda ukingo unaomfika nahodha kidevuni.

MBAO

Babu yangu ni fundi seremala, na karakana yake haikosi vipande vya mukima, ule mti tunaoupanda kando ya mashamba. Nilichukua vipande vibichi kwa sababu vilikatika kwa urahisi. Babu aliniangalia akasema, "Mjukuu wangu, mti mbichi haujamaliza kutembea." Mimi nikaona ni maneno ya wazee tu. Nilipasua mbao nyembamba, nikazibandika, zikakaa vizuri kama meno ya msichana. Baada ya siku nane zilikuwa zimenywea, na kati ya ubao na ubao ungeweza kupitisha ukucha.

Nilirudi kwa babu nikiwa mdogo kama pilitoni. Hakunicheka. Tulikata mbao nyingine, tukazifunga mafungu, tukaziweka juu ya mafiga jikoni kwa nyanya, mahali wanapokaushia kuni wakati wa baridi. Wiki mbili baadaye zilikuwa kavu hata ukizigonga zinalia. Kwa hivyo kumbuka: mbao za sitaha zikaushwe kabla ya kukatwa kwa kipimo cha mwisho.

KUTANDIKA

Sitaha hailali hewani. Hulala juu ya mihimili inayokatiza chombo kutoka ubavu mmoja hadi mwingine. Mihimili hiyo isiwe tambarare kabisa. Katikati iinuke kidogo ili maji yamwagike pembeni, na kwa upana wangu wa sentimita 17 nilizidisha milimita 3 katikati. Nilikata umbo hilo kwenye kadibodi kwanza, kisha nikalitumia kuchora mihimili yote ili isitofautiane.

Halafu vuta uzi kutoka omo, yaani mbele, hadi tezi, yaani nyuma. Uzi huo ndio kiongozi wako. Ubao wa kwanza ulale juu ya uzi, katikati kabisa. Kisha weka mmoja kulia, mmoja kushoto, mmoja kulia, mmoja kushoto. Ukianzia pembeni, kosa la nusu milimita litakua ubao kwa ubao, na ukifika katikati sitaha yako itakuwa imeelekea kando kama paa la kibanda kilichopigwa na upepo.

Ubao mmoja ukiisha, kiungo chake kiangukie juu ya mhimili, kwa maana hapo ndipo misumari hupata pa kushika. Tena viungo vya mbao zinazopakana visikutane juu ya mhimili mmoja, la sivyo udhaifu wote utakuwa mahali pamoja. Mimi niliacha mbao tatu kati ya kiungo na kiungo.

Katika jahazi la kweli, nafasi kati ya mbao huzibwa kwa kalafati: pamba iliyolowekwa mafuta hushindiliwa kwa nyundo ya mti na patasi butu. Katika jahazi la mfano huwezi kushindilia kitu ndani ya nafasi isiyoonekana. Njia rahisi ni kusugua penseli nyeusi kwenye ukingo mmoja wa kila ubao kabla ya kubandika. Mbao zikikutana, unaona mstari mwembamba mweusi, na macho yanaamini kwamba kalafati imo. Kwa misumari, nilitoboa vitundu kwa pini, nikachomeka ncha za vijiti vya kuchokolea meno, nikakata, nikapiga msasa.

Gundi iwe kidogo. Ikifurika, ipanguse mara moja kwa kitambaa chenye unyevu, maana gundi iliyokauka juu ya mti huacha baka ambalo hata vanishi hailifichi. Vibanio vya nguo vinafaa sana kushikilia mbao. Samahani kwa wenzangu wa bweni mliokuwa mkivitafuta.

SWALI LA MWALIMU

Baada ya wiki tatu sitaha ilikuwa imekamilika kutoka omo hadi tezi, laini, mistari imenyooka. Nilijivuna kama tausi. Mfano wangu ulikuwa picha ya merikebu za Wareno katika kitabu cha Historia, zile za enzi za Vasco da Gama aliyefika Mombasa na Malindi mwaka 1498.

Zilikuwa zimebaki siku kumi. Nilimpelekea mwalimu wetu mmoja ambaye kwao ni Lamu. Alilishika, akaligeuza, akapitisha kidole kwenye sitaha.

"Kazi nzuri, mwanangu. Mkono wako umetulia," akasema. Kisha akauliza, "Sasa boriti utazipakia wapi?"

"Boriti gani, mwalimu?"

"Boriti za mikoko. Magunia. Samaki wakavu. Hili ni jahazi, au sivyo? Jahazi hubeba. Na hapa umelifunika gubigubi."

Ndipo akanieleza. Majahazi mengi ya pwani yetu hayana sitaha nzima. Nyuma, kwenye shetri, kuna sitaha fupi anapokaa nahodha na mshika usukani. Mbele kuna nyingine ndogo ya kushughulikia nanga na kamba. Katikati ni wazi, na chini ndimo ngamani, mahali pa shehena, na ndimo maji yanayopenya hujikusanya hadi mabaharia wayafue kwa upo. Neno hilo "kufua" lilinichekesha, maana mimi najua kufua nguo tu, lakini kumbe kutoa maji chomboni pia ni kuyafua.

Merikebu za Wareno zilihitaji sitaha nzima kwa sababu ya mizinga na safari za bahari kuu. Mojawapo, Santo António de Tanná, ilizama mbele ya Fort Jesus mwaka 1697 wakati ngome ilipozingirwa, na wataalamu wakaichunguza chini ya maji kuanzia mwaka 1977. Lakini mtu anayechukua boriti kutoka visiwa vya Lamu anataka mlango mpana wa kushushia mzigo, si kifuniko.

Halafu mwalimu akaniuliza, "Ile methali ya tezi na omo waijua?"

Nikaitamka kama kasuku: "Enda tezi na omo, marejeo ni ngamani."

"Haya. Katika chombo chako hiki, mtu akienda tezi, akaenda omo, atarejea ngamani kwa kupitia wapi?"

Wasomaji, nilinyamaza. Miaka yote niliandika kwamba maana yake ni "hata mtu akienda mbali, mwishowe atarudi kwao." Sikosei. Lakini sikuwahi kuuliza tezi ni nini. Kusema kweli, neno tezi mimi nililijua kama kitu kinachovimba shingoni! Na sasa nilikuwa nimeunda jahazi ambalo ndani yake methali yenyewe haiwezekani.

KUFUMUA

Usiku ule sikulala vizuri. Rafiki yangu alinishauri, "Wacha hivyo tu. Kwani nani hapa Kibugu ameona jahazi?" Maneno hayo yalikuwa matamu, na nilitaka kuyafuata. Lakini kulikuwa na jambo lingine ambalo sikumwambia mtu. Ndani ya jahazi langu hamkuwa na mataruma, zile mbavu za ndani zinazoshikilia mbao za ubavuni. Sikuziweka kwa sababu nilijua sitaha itazifunika. Sitaha yangu nzuri ilikuwa inaficha uvivu wangu.

Jumamosi nilimwendea babu nikamweleza yote. Alisema, "Hata mimi sijaona jahazi. Lakini mlango nikiuunda vibaya, kutojua kwa mwenye nyumba hakuufanyi ufunge." Akaweka maji motoni.

Hivi ndivyo sitaha inavyofumuliwa. Chovya kitambaa katika maji moto, kikamue, kilaze juu ya mbao kwa dakika chache. Gundi ya mbao hulainika. Ingiza kisu chembamba, nyanyua taratibu, usilazimishe. Niling'oa mbao zote za katikati. Nilibakisha sentimita 14 nyuma na sentimita 8 mbele, na penye ukingo wa kila sitaha nikaweka mhimili mnene zaidi, maana hapo ndipo watu hukanyaga wakishuka.

Mafundi wa pwani hutafuta matawi yaliyopinda yenyewe shambani au msituni, wakayafanya mataruma, kwa sababu mti uliopinda ukikua una nguvu kuliko uliokatwa upinde. Mimi sikuwa na matawi madogo kiasi hicho. Nilipasua mianzi vipande vyembamba, nikailoweka katika maji moto, nikaipindia kwenye sufuria ndogo na kuifunga kwa uzi hadi ikauke. Vipande 22 vilivunjika. Vipande 26 vilikubali.

Siku zilizobaki niliweka vitu vidogo: nanga ya waya, mtungi wa udongo, gofia ya kupandishia foromali, na sanduku dogo lenye mchanga, ambalo mabaharia huwashia moto wa kupikia bila kuchoma chombo. Ngamani nikapanga vijiti vya boriti. Mwishowe nikapaka vanishi nyepesi mara moja tu, kwa sababu jahazi ni chombo cha kazi, halimetameti kama meza ya sebuleni.

SIKU YENYEWE

Tarehe 7 Julai ilifika na ukungu wake. Wa kwanza kusimama mezani pangu alikuwa mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza. Akatazama, akacheka: "Sasa hili ni jahazi ama ni karai? Mbona halina kifuniko?"

Sikukasirika. Nilimpa baharia wangu wa kijiti nikamwambia, "Mtembeze. Mpeleke tezi." Akampeleka nyuma. "Mpeleke omo." Akampeleka mbele. "Sasa amechoka, anataka kulala karibu na mzigo wake." Yule mtoto akamshusha katikati, juu ya boriti. Akaniangalia macho yamemtoka: "Kumbe ndiyo ile methali!" Mwalimu wetu wa Lamu alikuwa amesimama nyuma yetu. Hakusema neno. Alitabasamu tu.

Wenzangu, msidhani ufundi huu umebaki makumbusho. Mwaka 2018 mafundi wa Lamu wakiongozwa na Ali Skanda walishusha majini Flipflopi, jahazi lililoundwa kwa plastiki iliyokwisha kutumika na kupambwa kwa kandambili kuukuu, zile tunazoziita patipati. Mwaka 2019 lilisafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar. Ikiwa takataka zinaweza kuwa jahazi, mukima wa Kibugu utashindwaje?

Namshukuru babu, namshukuru mwalimu, na nawashukuru waliovumilia harufu ya gundi. Jahazi liko juu ya kabati la vitabu vya chama. Ukilitazama, chungulia ndani. Hakuna kilichofichwa.

MSAMIATI WA KUKUMBUKA

Omo: sehemu ya mbele ya chombo.
Tezi: sehemu ya nyuma ya chombo.
Shetri: upande wa nyuma anapokaa nahodha.
Ngama: sehemu ya chini ya ndani, penye shehena na maji yaliyopenya.
Taruma (wingi: mataruma): mbavu za ndani.
Kalafati: pamba ya kuzibia nafasi kati ya mbao.
Upo: chombo cha kufulia maji.
Foromali: mti unaoshika tanga.

ZOEZI

1. Kwa nini ubao wa kwanza wa sitaha hulazwa katikati?
2. Eleza maana mbili za neno "kufua" na mbili za neno "tezi".
3. Chagua methali moja unayoijua kwa kukariri. Tafuta kitu kinachotajwa ndani yake, ukione au ukiunde, kisha uandike maana yake upya.